Rais mstaafu kizimbani: kosa la lini, na jalada kalifungua nani?

Septemba 2025 haikuwa njema kwa marais wastaafu. Tarehe 11, Mahakama ya Juu ya Brazil ilimhukumu Jair Bolsonaro kifungo cha miaka 27 na miezi mitatu. Tarehe 25, mahakama ya Paris ikampa Nicolas Sarkozy miaka mitano. Tarehe 30, mahakama ya kijeshi mjini Kinshasa ikamhukumu Joseph Kabila, rais wa zamani wa Congo, adhabu ya kifo, mwenyewe hayupo kizimbani.

Kwenye mabaraza ya kahawa, kuanzia Jaws Corner ya Unguja mpaka Chake Chake ya Pemba, hukumu zote tatu zilitiwa kapu moja na kutolewa jibu moja: wenzetu wanawafunga wakubwa wao, sisi wetu wana kinga, basi yamekwisha. Mwengine hudakia kuwa hata sisi tuna mahakama ya The Hague. Wa tatu husema si The Hague, ni Arusha. Kila mmoja kashika kipande cha ukweli, lakini vipande havijaungana, na mazungumzo huishia kwenye ushabiki wa vyama.

Njia nyepesi ya kuanza ni kuuliza kosa linalodaiwa lilitendeka lini. Sarkozy alitiwa hatiani kwa njama za kutafuta fedha za Libya kwa ajili ya kampeni ya 2007, wakati huo akiwa waziri, hajawa Rais. Bolsonaro alihukumiwa kwa njama za kupindua matokeo ya uchaguzi wa 2022 aliokuwa ameshindwa, na sehemu kubwa ya mambo hayo yalifanyika yeye bado Rais. Kabila aliondoka madarakani Januari 2019, na yaliyompeleka kwenye hukumu ni madai ya kushirikiana na waasi wa M23 miaka kadhaa baadaye. Kabla, wakati, na baada. Mtu anayesema "rais mstaafu kafungwa" bila kutaja ni lipi kati ya hayo matatu hajasema kitu bado.

Na hapo hapo tuelewane kuhusu maneno mengine mawili. Mashtaka ya jinai ni yale ambayo serikali, kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka, humpeleka mtu mahakamani, na mwisho wake unaweza kuwa kifungo. Madai ni ugomvi wa fidia, ardhi, deni au mkataba, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua. Kinga ni zuio la kumfikisha mtu fulani mbele ya mahakama. Haisemi kwamba mtu huyo hana kosa, wala haifuti kosa lenyewe. Inasema tu kwamba mlango huu, kwa mtu huyu, kwa wakati huu, umefungwa.

Kwa nini ufungwe? Chukua nahodha wa jahazi linalotoka Mkoani kuja Malindi. Mkiwa katikati ya mkondo wa Nungwi, hata kama mnaamini kamwibia abiria, hamumng'oi kwenye usukani, maana mtazama nyote. Mnasubiri mfunge gati. Hiyo ndiyo kinga ya aliyepo madarakani, na nchi nyingi zina namna yake. Mkishafika Malindi, maswali yanakuwa mawili tofauti kabisa. La kwanza ni la mzigo wa abiria, na huo ni wizi, unahodha haumsaidii. La pili ni uamuzi wake wa kupita karibu na miamba kwa sababu upepo uligeuka, chombo kikapigwa na watu wakaumia. Mkimshtaki kwa kila uamuzi wa baharini, kesho hapatikani wa kushika usukani. Mkimwachia kila uamuzi, kesho atapakia watu mara mbili ya kiwango na kuapa kuwa ni mambo ya bahari. Ugumu wote wa kisheria wa jambo hili umo kwenye swali hilo la pili.

Katiba yetu imelijibuje

Ibara ya 46 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina sehemu tatu. Ya kwanza inakataza kumshtaki Rais kwa kosa lolote la jinai akiwa madarakani. Ya pili inaruhusu madai ya mambo yake binafsi, ila anayedai ampe kwanza taarifa ya maandishi na asubiri siku 30. Ya tatu ndiyo ambayo wengi wanaoitaja ibara hii hawajaifikia: hata akishaondoka, ni marufuku kumfungulia shauri, la jinai au la madai, kwa jambo alilolifanya kama Rais.

Maneno "kama Rais" ndiyo yanayobeba mzigo. Aliyoyafanya kabla ya kuapishwa hayakulindwa na sehemu ya tatu. Atakayoyafanya baada ya kustaafu hayakulindwa pia. Hata aliyoyafanya akiwa Ikulu lakini kwa shughuli zake mwenyewe yanaweza kuhojiwa. Kwa hiyo ile kauli ya barazani kwamba rais wetu ana kinga ya maisha kwa kila kitu si sahihi. Lakini nani anachora mstari kati ya la kiserikali na la mtu binafsi? Akitia saini mkataba mbovu, hilo ni la Rais. Akitia saini mkataba mbovu na kampuni ikamjengea nyumba mwanawe? Hakuna mahakama ya Tanzania iliyowahi kulijibu hilo, kwa sababu hakuna rais mstaafu aliyewahi kushtakiwa hapa. Marekani, yenye mahakama za zaidi ya miaka 200, ililijibu Julai 2024 tu katika kesi ya Donald Trump. Ikamlinda rais wa zamani kwa vitendo vya kiofisi, ikaacha vya binafsi bila kinga, na majaji wenyewe wakagawanyika sita kwa watatu.

Sehemu hiyo ya tatu ina upenyo mmoja. Kinga haimhusu Rais aliyeondolewa na Bunge chini ya Ibara ya 46A. Njia yenyewe ni ndefu: hoja isainiwe na angalau asilimia 20 ya wabunge, theluthi mbili wakubali kuundwa kamati ya uchunguzi inayoongozwa na Jaji Mkuu wa Tanzania na kumjumuisha Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha theluthi mbili tena wamtie hatiani. Haijawahi kutumika. Tazama lakini inavyofanya kazi. Mlango wa kumfikia kwa aliyoyafanya kama Rais unafunguliwa akiwa bado Rais, na wanaoshika ufunguo ni wabunge ambao kwa kawaida wengi wao ni wa chama anachokiongoza yeye mwenyewe. Akishakabidhi ofisi salama, ufunguo huo hauna kazi tena. Mimi naona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika ibara hiyo, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Huku kwetu kuna tabaka jengine. Rais wa Zanzibar ana kinga yake katika kifungu cha 36 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, na kifungu cha 37 kinalipa Baraza la Wawakilishi njia ya kumwondoa. Tuna Mkurugenzi wetu wa Mashtaka, tuna ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa na uhujumu uchumi, na Mahakama Kuu ya Zanzibar si jambo la Muungano. Lakini rufaa ya kesi ya jinai hupanda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ni ya Muungano. Kwa hiyo kesi ya kiongozi wa Zanzibar ingeanzia Unguja na pengine kumalizikia mbele ya majaji wa pande zote mbili, kila upande ukiwa na hesabu zake za kisiasa.

Hatari ya kuchagua kosa lisilokaa sawa tumewahi kuiona wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa 1997, viongozi na wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF walikamatwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Wengine walikaa mahabusu zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake, ikasema uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na kwamba dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Kesi ikaanguka. Serikali iliyotaka kuonesha nguvu iliishia kupata hukumu inayosema Zanzibar si dola kamili, hukumu ambayo mpaka leo inatajwa kila Muungano unapojadiliwa. Wale walikuwa wapinzani, si marais wastaafu, ila funzo la kisheria ni lile lile: kesi kubwa ikiharibika, haiharibikii mshtakiwa peke yake.

Hatari za kisiasa

Marais wa Zanzibar waliopita hakuna aliyepandishwa kizimbani. Aliyekuwa karibu zaidi na adhabu ni Aboud Jumbe, aliyelazimika kujiuzulu Januari 1984 katika kikao cha chama Dodoma, baada ya mvutano juu ya muundo wa Muungano. Hakukuwa na hati ya mashtaka, wakili wala hukumu. Aliondoka, akaishi Mji Mwema, Kigamboni, mpaka alipofariki Agosti 2016. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa utaratibu wetu: mkubwa huhukumiwa na kikao cha chama, na mwananchi husikia matokeo redioni.

Aliyepelekwa mahakamani ni mtu aliyekuwa ngazi moja chini. Seif Sharif Hamad alikuwa Waziri Kiongozi tangu 1984. Akaondolewa Januari 1988, akafukuzwa chama mwaka huo huo, na Mei 1989 akakamatwa na kushtakiwa kwa kukutwa na nyaraka za siri za serikali. Alitoka Novemba 1991. Ukipima kwa lengo la kisiasa, yaani kummaliza, kesi ile ilifanya kinyume. Aliingia ndani akiwa kiongozi aliyetimuliwa na wenzake. Alitoka akiwa ndiye mtu ambaye nusu ya Wazanzibari walikuwa tayari kumfuata. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, kwa matokeo rasmi, alipata asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour. Aligombea tena na tena, na alifariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Sisemi kesi ndiyo iliyomfanya, maana alikuwa na wafuasi kabla yake, khasa Pemba. Lakini yeyote anayedhani kumfunga mkubwa ni kumzika kisiasa, asiende mbali kutafuta mfano. Brazil nao wameliona hilo: Lula, rais wao wa zamani, alikaa jela siku 580, hukumu zake zikafutwa 2021, na 2022 akachaguliwa tena kuwa Rais kwa kumshinda Bolsonaro huyu huyu.

Kuna vurugu pia, na hizi huzidishwa na kupunguzwa kwa kadiri ya anayezungumza. Afrika Kusini, Juni 2021, Mahakama ya Katiba ilimpa rais wa zamani Jacob Zuma miezi 15, tena kwa kukaidi amri ya mahakama tu. Kesi ya ununuzi wa silaha za miaka ya 1990 ilikuwa bado inaburutwa. Alipoingia gerezani Julai, KwaZulu-Natal na Gauteng ziliwaka, na zaidi ya watu 300 walikufa. Yeye mwenyewe alikaa ndani miezi miwili, akatolewa kwa sababu za kiafya. Miaka mitatu baadaye chama kipya alichokiongoza, MK, kilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura, na chama tawala cha ANC kikapoteza wingi wake kwa mara ya kwanza tangu 1994. Lakini Paris ilipompeleka Sarkozy gerezani Oktoba 2025, hakuna duka lililochomwa. Alitoka baada ya wiki tatu kusubiri rufaa, na watu wakaenda kazini. Tofauti haiko kwenye hasira za watu peke yake. Pale Afrika Kusini kulikuwa na umasikini mkubwa na mgawanyiko ndani ya chama tawala, na kesi ikawa kiberiti.

Zambia ndiyo nchi ninayopenda kuitaja, kwa sababu ilifanya karibu kila kitu. Frederick Chiluba alimchagua mwenyewe Levy Mwanawasa kuwa mrithi wake. Mwanawasa alipoingia, akaliomba Bunge limvue Chiluba kinga, nalo likakubali Julai 2002. Mwaka 2007 mahakama ya London, katika shauri la madai, ilimkuta Chiluba na wenzake wanawajibika kwa fedha za umma za Zambia, dola milioni 46. Ungedhani yamekwisha. Mwanawasa akafariki 2008, akaingia Rupiah Banda, na Agosti 2009 mahakama ya Lusaka ikamwachia Chiluba huru katika kesi ya jinai. Serikali haikuendelea na rufaa. Mtuhumiwa alikuwa yule yule; kilichobadilika ni nani anakaa Ikulu. Kisha Banda akashindwa uchaguzi wa 2011, na 2013 naye akavuliwa kinga na serikali mpya ya Michael Sata.

Hapo ndipo hofu kubwa ya kesi hizi ilipo. Rais anayetazama jirani yake akipandishwa kizimbani na mrithi wake hujifunza jambo moja haraka, kwamba kuondoka ni hatari. Atabadilisha katiba aongeze muhula, atatafuta mrithi wa damu yake, au atajitungia kinga nene kabla hajatoka. Wanaotetea kinga ya wastaafu husimamia hoja hiyo, na si hoja ya kipuuzi. Bara la Afrika limepata makabidhiano ya amani kwa sababu, mara nyengine, aliyeshindwa alihakikishiwa kuwa atalala kwake.

Ila hoja hiyo ina gharama, na gharama hailipwi na wanaoitoa. Januari 2001 askari waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF, Unguja na Pemba. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Mashirika ya haki za binadamu yalitaja zaidi. Hakuna mkubwa aliyeshtakiwa. Yalikuja mazungumzo, ukaja Muafaka wa Oktoba 2001, na baadaye maridhiano ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad ya Novemba 2009, yaliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka uliofuata. Niliunga mkono maridhiano yale na bado nayaunga. Lakini aliyefiwa na mtoto Micheweni, Pemba, hakukaa kwenye meza ile, na hakuulizwa kama anasamehe.

The Hague na Arusha

Wengi wanapoona milango ya nyumbani imefungwa hutazama nje, na hapa ndipo upotoshaji unapozidi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyopo The Hague inashughulika na makosa yaliyotendwa kuanzia Julai 2002. Yale ya Januari 2001 hayamo kwenye uwezo wake, hata angekuwepo mlalamikaji, ushahidi na nia. Tanzania iliridhia mkataba wake Agosti 2002, na mwanachama ni Jamhuri ya Muungano. Mahakama hiyo haishughuliki na rushwa wala mkataba mbovu. Ni mauaji ya kimbari, makosa dhidi ya ubinadamu, ya kivita, na uvamizi.

Arusha nako kunachanganywa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo pale huamua mashauri dhidi ya serikali. Haimfungi mtu. Kinachowachanganya watu nadhani ni ile mahakama ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa Arusha, ambayo mwaka 1998 ilimhukumu kifungo cha maisha Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu. Ile iliundwa na Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo moja, na ilishafungwa. Njia nyengine iliyowahi kufanya kazi ni ya Hissène Habré wa Chad: alikimbia 1990, na 2016 mahakama maalumu iliyoundwa Senegal kwa kushirikiana na Umoja wa Afrika ikampa kifungo cha maisha. Faida yake ni kwamba hakuna aliyeweza kusema mrithi wake analipiza kisasi. Hasara yake ni miaka 26. Baadhi ya waliomlalamikia walishakufa.

Mkataba wa The Hague, katika Ibara ya 27, unasema cheo hakimkingi mtu, hata awe mkuu wa nchi aliyepo madarakani. Katiba ya Kenya ya 2010 imelikubali hilo waziwazi: Ibara ya 143 inampa Rais kinga, kisha inasema kinga hiyo haifiki kwenye makosa ya mkataba unaoikataza. Ibara yetu ya 46 haina sentensi kama hiyo. Siku ikitokea hati ya kukamatwa kwa rais mstaafu wa Tanzania, mawakili watakuwa na kazi ya miaka.

Na hata Kenya, yenye sentensi hiyo, kesi ya The Hague dhidi ya Rais Uhuru Kenyatta haikufika kwenye ushahidi. Desemba 2014 mwendesha mashtaka aliiondoa. Mashahidi walikuwa wamejitoa, na alilalamika kuwa nyaraka alizoziomba serikali ya Kenya haikumpa. Mkuu wa serikali iliyokuwa ikiombwa nyaraka hizo alikuwa mshtakiwa mwenyewe.